CHOP peke yake au R-CHOP? Kwa familia za Mtwara na Lindi zenye mgonjwa wa limfoma kali

Majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kupimwa, yamerudi. Yameandikwa limfoma, yaani saratani ya matezi, mbele yake kuna maneno mengi, na daktari amesema tiba ni kemo. Kisha akaongeza kwamba kuna dawa ya tano, ya dripu, ambayo ikiungana na zile nne matokeo huwa mazuri zaidi, ila ni ghali. Familia nyingi za huku kwetu hukwama hapo hapo. Nimefanya uuguzi Lindi kwa miaka mingi, na swali hili naulizwa kwenye korido, naulizwa kwa simu usiku, na wakati mwingine anayeuliza ameshauza shamba.

Msimamo wangu ni huu. Kama limfoma ni ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) na ina alama ya CD20, basi R-CHOP, yaani zile nne pamoja na ya tano, inaipita CHOP ya zile nne peke yake, tena kwa mbali. Lakini CHOP iliyoanza leo ikamalizika kwa wakati inaipita R-CHOP inayosubiri pesa za msimu wa korosho.

Zilivyo

CHOP ni mchanganyiko wa dawa nne: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni. Tatu za kwanza huingia kwenye mshipa siku ya kwanza. Prednisoloni ni vidonge, humezwa siku tano mfululizo. Mgonjwa anapumzika, na baada ya siku 21 tangu siku ile ya kwanza anarudi. Kawaida ni mizunguko sita, kama miezi minne kwa jumla.

Dawa hizi zimetumika pamoja tangu miaka ya 1970, na si kwamba hakuna aliyejaribu kuzishinda. Mwaka 1993 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 899 uliolinganisha CHOP na michanganyiko mitatu mikali zaidi, yenye dawa nyingi zaidi. Hakuna uliofua dafu. Katika makundi yote, takriban nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na ile mikali iliwatesa watu zaidi bila faida. Kwa hiyo mtu akikwambia CHOP ni dawa za kizamani, ni kweli, lakini zimebaki kwa sababu zinaponya. Watu wanapona limfoma kali kwa CHOP tupu hadi leo.

R ni rituksimabu. Hii si kemo. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1997. Kemo huua seli yoyote inayogawanyika haraka, ndiyo maana nywele zinakatika, mdomo unapata vidonda na damu inashuka. Rituksimabu hutafuta kitu kimoja tu, protini inayoitwa CD20 iliyo juu ya ngozi ya seli B. Ikiikuta inajibandika, kama ile alama ya X nyekundu wanayochora kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara, na askari wa mwili wanajua pa kubomoa. Seli B zenye afya nazo zinabomolewa pamoja na mbovu, lakini seli mama zilizo kwenye uboho hazina CD20, kwa hiyo seli B mpya huanza kurudi baada ya miezi kadhaa.

Ndiyo sababu mbili hizi zinakwenda vizuri pamoja. Zinaua kwa njia tofauti, na uchovu wa moja haujumlishwi sana na wa nyingine.

Kwenye mizani

Utafiti uliobadilisha mambo ulitoka Ufaransa na majirani zake, ukachapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 399 wa miaka 60 hadi 80, wote wenye limfoma ya seli B kubwa iliyosambaa, ambayo ndiyo limfoma kali inayoonekana zaidi kwa watu wazima. Nusu walipewa CHOP, nusu CHOP na rituksimabu. Uvimbe ulipotea kabisa kwa asilimia 63 ya waliopewa CHOP na asilimia 76 ya waliopewa R-CHOP. Baada ya miaka miwili, katika kila 100 waliopata CHOP walikuwa hai 57. Katika kila 100 waliopata R-CHOP walikuwa hai 70. Wakafuatiliwa miaka kumi, na tofauti haikufutika: karibu 28 kwa 44. Kumbuka hao ni wazee, na kwa miaka kumi wengine wangekufa kwa uzee wao.

Kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 60 ambao ugonjwa wao haukuwa wa hatari ya juu, utafiti mwingine wa watu 824 uliochapishwa 2006 ulionyesha baada ya miaka mitatu asilimia 93 walikuwa hai kwa kuongezewa rituksimabu, na 84 kwa kemo peke yake.

Huwa naambiwa, hao ni Wazungu na hospitali zao. Sawa. Lakini majirani zetu wa Malawi walijaribu wenyewe, Lilongwe, wakachapisha mwaka 2021: wagonjwa 37, kati yao 27 wanaishi na VVU, kwenye hospitali isiyo tofauti sana na zetu. Zaidi ya nusu walikuwa hai baada ya miaka miwili, na dawa ilivumilika. Kundi ni dogo, na hapakuwa na kundi la kulinganisha ndani ya utafiti wenyewe, lakini hoja ya kwamba kingamwili haitufai sisi huku haina miguu tena.

Kuhusu madhara, kwenye ule utafiti wa wazee madhara makubwa hayakuzidi kwa kiasi cha kutisha upande wa R-CHOP. Nywele, kichefuchefu, ganzi ya vidole na kufunga choo kunakotokana na vinkristini, mkojo mwekundu siku ya doksorubisini, usingizi kukimbia siku za prednisoloni: hayo yote ni ya CHOP, utayapata ukichagua upande wowote. Kipimo cha moyo cha ECHO nacho kinahitajika pande zote mbili, kwa sababu ya doksorubisini. Rituksimabu inaongeza mambo yake mawili matatu, nitayafikia.

Kinyama kisomwe mpaka mwisho

Huku ndiko pesa nyingi zinakopotea. Kabla hujaulizia bei ya rituksimabu, uliza kama kinyama kimepimwa CD20. Hicho ni kipimo cha ziada cha rangi maalumu kinachofanywa na mtaalamu wa patholojia, na jibu lake ni chanya au hasi. Ikiwa hasi, au ikiwa limfoma ni ya seli T (chembe nyeupe za aina nyingine), rituksimabu haina pa kujibandika. Utakuwa umenunua maji ya gharama kubwa. Kuna aina moja, plazmablastiki, inayowapata zaidi watu wenye VVU, ambayo ni kali sana na kwa kawaida haina CD20.

Kipimo hicho hakimtaki mgonjwa asafiri. Kinachosafiri ni kinyama. Kikishagandishwa kwenye nta kinaweza kupelekwa Muhimbili au Ocean Road na kupimwa huko huku mgonjwa yuko nyumbani Nachingwea anakula ugali wake. Na kama hospitali imekukabidhi wewe ndugu chupa ya kinyama uipeleke, angalia mambo matatu kabla hujapanda basi: nyama inaelea kwenye fomalini ya kutosha (si spiriti, si maji ya chumvi, si chupa kavu), kifuniko kimekaza, na lebo ina jina kamili, tarehe na sehemu ilikokatwa. Chupa ya fomalini huwekwa wima kwenye mfuko wa mkononi, haiingii kwenye buti la basi chini ya magunia.

Jambo jingine la huku: matezi ya shingoni mara nyingi huanza kutibiwa kama kifua kikuu. Si ujinga, kifua kikuu cha matezi kipo na ni kingi. Lakini kama mgonjwa ametumia dawa za TB mwezi, miezi miwili, na matezi yanazidi kukua, omba kinyama kikatwe. Kitolewe tezi zima ikiwezekana. Sindano nyembamba ya kunyonya majimaji hutoa seli chache mno kusomea aina ya limfoma.

Vipimo viwili vya damu vinavyoamua

Cha kwanza ni homa ya ini aina B. Mtu anaweza kuwa aliwahi kuipata utotoni, virusi vikalala kwenye ini, asijue maisha yake yote. Rituksimabu ikiondoa seli B, virusi hivyo vinaweza kuamka na kuliharibu ini hadi kifo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kali juu ya jambo hili. Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza pimwa, na si kipimo cha haraka peke yake. Uliza na kile cha kingamwili za zamani. Ukiwa na virusi hivyo huzuiwi kupata R-CHOP. Unaanzishiwa dawa, mara nyingi tenofovir, na unaendelea nayo angalau mwaka mzima baada ya rituksimabu ya mwisho. Mwenye VVU anayetumia TLD (kidonge kimoja cha ARV chenye dawa tatu) tayari anameza tenofovir kila siku, kwa hiyo upande huu amejikinga, ilimradi asiruke dozi.

Cha pili ni VVU na CD4, yaani idadi ya askari wa kinga kwenye damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa watu 150 wenye VVU uligundua waliopewa rituksimabu walikufa kwa maambukizi zaidi kuliko wa CHOP peke yake, asilimia 14 kwa 2, na walioathirika hasa ni wenye CD4 chini ya 50. Hapo ndipo pekee ambapo mimi mwenyewe, hata dawa ikitolewa bure, ningemwomba daktari anieleze mara mbili kwa nini aiweke. CD4 ikiwa juu, mgonjwa yuko kwenye ARV na anameza septrini yake, hoja hiyo inapungua nguvu sana.

Tuanze, au tusubiri pesa?

Nyumba moja ya Masasi, mwezi wa saba. Mgonjwa ni mama wa miaka 50 na ushee, matezi ya shingo na kwapa, CD20 chanya. Kwenye kikao cha ukoo, kama ilivyo kwa Wamakonde na Wamwera, neno la mwisho ni la mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, nesi. Sisi tumekubaliana tusubiri mnada wa kwanza wa korosho. Tuchukue ile dawa kubwa kabisa, tusianze na nusu."

"Mjomba, mnada wa kwanza ni mwezi wa kumi. Hili tezi la shingoni, lishike leo, halafu ulishike Jumapili ijayo."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo tuanze na hizo nne?"

"Tuanze nazo. Ile ya tano ikipatikana mzunguko wa pili au wa tatu, inaingia hapo hapo."

Hilo la kuingia katikati si la kubahatisha. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa, madaktari wa saratani wakati mwingine huchelewesha rituksimabu kwa makusudi hadi uvimbe upungue, kwa sababu dripu ya kwanza kwenye uvimbe mkubwa huleta mtikisiko mkubwa. Limfoma kali hukua kwa wiki, haikui kwa miaka. Hatua ya nne bado ni ya kuponyeka, tofauti na saratani nyingi, lakini mgonjwa akidhoofika hadi hawezi kusimama, hata hizo dawa tano hazitamfaa.

Upande wa pili wa hoja hiyo ni huu: mizunguko miwili ya R-CHOP kisha kukatiza kwa sababu pesa imeisha ni mbaya kuliko mizunguko sita ya CHOP kamili. Kama mfuko unatosha rituksimabu chache tu, mwambie daktari mapema, mpange pamoja. Usimfiche ukidhani atakudharau.

Bei, chupa na basi

Kwenye mfuko wa R-CHOP, rituksimabu ndiyo inayobeba bei. Nne nyingine ni dawa za siku nyingi zinazotengenezwa na viwanda vingi. Ili kujua gharama hesabu chupa, usihesabu dozi. Kipimo ni miligramu 375 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mtu wa kilo 60 na urefu wa sentimita 160 ana mita kama 1.6, kwa hiyo anahitaji takriban miligramu 600 kila mzunguko. Chupa zipo za 500 na za 100. Yaani moja kubwa na moja ndogo, mara sita. Ukiuliza bei duka la dawa bila kutaja hivyo, watakupa bei ya chupa moja ndogo na utarudi nyumbani na matumaini ya uongo.

MabThera ndiyo rituksimabu ya asili. Zipo zinazofanana nayo, mfano Reditux ya India iliyotoka 2007, na kwa hizi za mfanano zilizopimwa na kusajiliwa sina shaka yoyote; zinapunguza bei bila kupunguza kazi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, kwa hiyo unapoijadili na bima au na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali usiiombe kama anasa. Peleka jina la dawa, idadi ya chupa na barua ya daktari, uombe jibu la maandishi kabla ya safari.

Dawa hii hukaa nyuzi 2 hadi 8. Haitakiwi kuganda wala kupata joto. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na nimeona chupa ikishushwa basini ndani ya mfuko wa Rambo na barafu iliyoyeyuka. Kama dripu itatundikwa Dar, acha dawa Dar, kwenye famasia ya hospitali. Usinunue kwa mtu aliyekupigia simu kuwa anayo ya bei poa.

Siku yenyewe

CHOP peke yake inaweza kumalizika asubuhi. R-CHOP ya kwanza ni siku nzima: rituksimabu huanza polepole, miligramu 50 kwa saa, ikaongezwa kila nusu saa mwili ukikubali, kwa hiyo saa nne hadi sita zinakwenda kwa dawa hiyo moja. Kabla yake mgonjwa hupewa paracetamoli na dawa ya mzio. Akianza kutetemeka, kusikia baridi kali, koo kukaza au kizunguzungu, aseme pale pale asivumilie. Dripu husimamishwa, akatulia, ikaanza tena taratibu zaidi. Mara nyingi hutokea mara ya kwanza tu. Mwenye dawa za presha amuulize daktari kama azimeze asubuhi hiyo, maana presha inaweza kushuka dripu ikiendelea. Na usikate tiketi ya basi ya alfajiri inayofuata. Lala kwa ndugu Mbagala siku mbili.

Ipo pia rituksimabu ya sindano ya chini ya ngozi, miligramu 1,400, dakika tano tu, kwa mzunguko wa pili na kuendelea. Ni nafuu ya muda, si nafuu ya pesa.

Vya kupita navyo haraka

Mizunguko sita au minane? Sita yatosha, utafiti wa Ujerumani wa 2008 kwa wazee zaidi ya 1,200 haukuona faida ya kuongeza. Kijana mwenye ugonjwa mdogo, usio na hatari, anaweza kupewa R-CHOP nne na rituksimabu mbili za ziada. Daktari akikwambia hivyo hakupunji.

Kuendelea na rituksimabu kila baada ya miezi kadhaa baada ya kupona? Kwa limfoma zile za polepole kuna sababu. Kwa kali iliyotibiwa na R-CHOP, utafiti wa Marekani wa 2006 haukuona faida. Hifadhi pesa hiyo kwa nauli za kliniki.

Na polatuzumabu, ambayo watu wameanza kuisoma kwenye simu? Inachukua nafasi ya vinkristini. Kwenye utafiti wa 2022 wa wagonjwa 879 ilipunguza kurudi kwa ugonjwa kidogo: baada ya miaka miwili asilimia 77 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi au kuendelea, kwa 70 wa R-CHOP, lakini idadi ya walio hai ilikuwa ile ile. Kwa familia inayohangaikia rituksimabu, hiyo isikusumbue akili.

Kati ya mzunguko na mzunguko

Chochote utakachochagua, siku ya 7 hadi ya 14 ndiyo ya hatari, damu ikiwa chini kabisa. Nunua kipimajoto. Joto likifika 38 mgonjwa hapewi paracetamoli na kusubiri asubuhi. Anapelekwa hospitali ya karibu usiku huo huo, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, na maneno ya kwanza mapokezini yawe "yuko kwenye kemo". Karatasi yenye majina ya dawa na tarehe ya mzunguko wa mwisho ikae kwenye pochi ya mgonjwa, siyo ya ndugu aliyebaki Dar.

Masika yakianza, ongeza siku za safari. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Somanga, watu walikaa njiani siku kadhaa, na mzunguko wa siku 21 ukawa wa siku nyingi zaidi bila daktari kuamua. Damu ya FBP (hesabu ya chembe za damu) ipimwe huku huku siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Majibu yapigwe picha yatumwe kliniki. Neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu) zikiwa chini wataahirisha wiki moja, na hilo ni bora ulijue kabla hujakata tiketi.